Guni

Wote wa tumbo lile walipewa majina ya herufi moja,
Kasper, Kolja, Kuno, Kaja,
ndivyo wafugaji wa huko wanavyohesabu vizazi.
Kasper alikufa ana miezi mitano na nusu,
si kwa gari, si kwa sumu ya panya.
Alishinda na kondoo juu ya tuta la bahari,
akanywa maji, akalala mbele ya jiko,
na saa kumi alfajiri mguu wake mmoja
ulikuwa bado umejikunja, wa mbwa akimbiaye ndotoni.

Wiebke, hukulia.
Ulimtia kwenye gunia la unga wa maziwa,
ukampeleka Husum mwenyewe, mvua ikipiga ubavuni,
ukamwambia Daktari Tjark: mpasue.
Akampasua. Msuli mwekundu, safi,
kuta hazikulegea, vyumba havikutanuka.
"Sioni kitu," alisema,
na hicho ndicho kilichomtisha.

Akamgeukia Kaja, aliyekuwa akitafuna kamba ya kiatu chake.
Wakamnyoa viraka ubavuni, wakambandika waya,
wakamvisha kizibao cha rangi ya machungwa
chenye kisanduku cha kusikiliza siku nzima.
Mchana moyo ulikwenda sawa. Akibweka, sawa.
Ilikuwa usiku tu, pumzi ilipotulia:

Damu yapanda yashuka, pigo hufuata pigo,
Vali moja yafunguka, nyingine haina zogo,
Msukumo wazunguka, mapafuni hadi figo,
Kisha ghafla wateguka, pigopigopigopi

Washairi huliita hilo guni,
ubeti uliopungukiwa mizani.
Daktari ana jina refu zaidi
na karatasi iliyofika mlangoni alipoikunjua.
Neva, alisema, hazijaufikia ukuta wote wa moyo;
nyumba imehamiwa
kabla fundi hajamaliza kuvuta umeme.
"Dawa?"
"Zipo. Nyingine humchochea badala ya kumtuliza."
"Nimwamshe, basi, akilala?"
"Utamwamsha mara ngapi, Wiebke?
Akivuka miezi kumi na minane, huenda moyo ukajitengeneza.
Na usimzalishe. Hilo usinijadilie."

Ulimpigia simu Bibi Lorenzen aliyekuuzia.
"Baba yao ana medali tatu," akasema, akakata.
Ukaandika barua kwa mkono.
Kutoka Flensburg ikaja picha: Kolja
ndani ya kizibao kilekile, amenuna.
Wenye Kuno hawakujibu,
nawe hukuuliza tena.

Godoro likahamia jikoni.
Kiganja ubavuni, hapo nyuma ya kiwiko
ambapo manyoya ni mepesi na joto liko karibu.
Ulijifunza kusinzia bila kukiondoa.
Mara nyingine moyo ulikimbia chini ya vidole
kama panya ndani ya dari, ukanyamaza,
nawe ukanyamaza,
hadi pigo moja zito likarudi kama mtu
aliyesahau funguo.
Ilipofika zamu ya kondoo kuzaa
Momme aliwaruka nyote wawili gizani, taa mkononi,
bila neno. Usiku wa arobaini
alirudi ananuka damu na majani makavu,
akakufunikeni blanketi la pili.

Miezi kumi na minane, na wiki moja ya woga.
Kizibao sasa kinambana kifuani.
Tjark anasoma, anasoma tena, anacheka:
mara mbili tu, kwa siku nzima.
"Wangu mimi hujikwaa zaidi ya hapo."

Lakini saa kumi alfajiri mkono wako
huenda wenyewe.
Kaja hufungua jicho moja,
hushusha pumzi kama aliyebishiwa hodi na mtoza kodi,
huinuka, mifupa yote, kucha zikigonga sakafu,
akaenda kulala ukumbini juu ya buti za Momme,
pasipofika kiganja cha mtu.

Nawe hapo godoroni
unaendelea kuhesabu
kitu usichokisikia.